Chupa Yenye Jina la Fons

Zwartelaar, 3 Machi 1986

Mdogo wangu Jef,

Natumaini wewe na Simonne hamjambo huko pwani, na nyonga yake imetulia. Hapa ardhi bado imeganda, uma wa kuchimbia haupenyi. Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ninayo. Maneno ya simu yanapita, na hili nataka libaki.

Januari walikuja watu wa chuo kikuu, wakamwomba paroko awatangazie baada ya misa. Walitafuta wanawake waliovuka miaka hamsini ambao hawajawahi kufanya kazi kiwandani. Tulijitokeza wengi. Kila mmoja akapewa chupa ya plastiki ya lita mbili: ukusanye mkojo wako wa siku nzima, usimwage hata tone. Ungetuona, Jef! Mariette, jirani yangu, aliiweka yake kwenye kikapu cha baiskeli, kati ya mkate na karoti, akakutana na mke wa mwalimu. “Mariette, hiyo ni bia ya kutengeneza nyumbani?” “Ndiyo,” akamjibu, “nimeitengeneza mwenyewe, karibu uonje.” Tulicheka mpaka nusura tuharibu kipimo.

Sasa majibu yametoka na hatucheki tena.

Wanachotafuta kinaitwa kadimiamu. Ni madini yanayofuatana na zinki. Yanapanda na moshi wa tanuri, yanashuka juu ya kabichi zetu, yamo kwenye yale majivu meusi tuliyopewa bure na kiwanda tukayamwaga kwenye njia za bustani ili tusikanyage matope. Yakishaingia mwilini yanakwenda kukaa kwenye figo, na hayatoki. Miaka ishirini, thelathini yamo tu. Kile kidogo kinachochuruzika kwenye mkojo ndicho kinachosema figo zimebeba mzigo gani. Kwa kipimo chao, mtu wa kawaida hafikishi moja. Ukifika mbili wanakunja uso. Mimi nina tano na nukta moja.

Mimi, Jef! Sijawahi hata kuvuka lango la kiwanda, isipokuwa siku za kumpelekea Fons chakula alichosahau.

Aliyenipa majibu ni daktari mwanamke, Annelies Roelandt, ana sauti ya upole. Akaniuliza mume wangu alifanya kazi gani. Tanurini, nikasema, miaka thelathini na moja. Alikufa kwa nini? Nikamwambia karatasi yake ya kifo inasema figo, kwa sababu ya ulevi. Akaacha kuandika. “Mama, kiwanda kilikuwa kinawapima watu wa tanurini mkojo kila miezi sita. Namba zake zilikuwa ngapi?”

Hakuna aliyewahi kutuambia namba yoyote. Lakini nikakumbuka nani alikuwa anakaa kwenye dirisha la zahanati ya kiwanda na kupokea chupa zile.

Niambie, mdogo wangu. Namba ya Fons ilikuwa ngapi?

Dada yako,
Lief

Oostende, 11 Machi 1986

Dada mpendwa,

Barua yako imefika siku moja na mvua. Simonne anatembea na fimbo moja badala ya mbili, tunamshukuru Mungu. Asubuhi tunakwenda hadi gatini, tunanunua kamba wabichi, tunarudi na tramu. Maisha ya wazee.

Kuhusu hizo namba, usijitie hofu bure. Watu wa chuo kikuu wasipopata ugonjwa hawapati cha kuandika. Karoti za bustani acha kula, nunua za sokoni, basi.

Na mimi unaniuliza kitu ambacho sikukijua. Nilikuwa mtu wa dirishani tu, Lief. Napokea chupa, nabandika jina, nafunga kabati, Alhamisi napeleka maabara. Majibu yalirudi kwenye bahasha iliyofungwa, ya Daktari Cauwelier peke yake. Halafu ni zamani sana. Fons alikuwa mtu mzuri, mwache apumzike. Ukimchimba utajiumiza wewe.

Tuma picha ya binti yako Hilde na mtoto wake.

Wako,
Jef

Zwartelaar, 14 Machi 1986

Jef,

Hukusoma? Wewe? Wewe uliyekuwa unasoma mpaka gazeti lililofungia samaki, ukapigwa na mama kwa kuchelewa kuleta samaki wenyewe? Usinifanye mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa nakupangusa makamasi.

Unasema nimwache apumzike. Hujui anavyopumzika. Wewe ulikuja siku ya mazishi na kuondoka na treni ya jioni. Mwaka wake wa mwisho alikohoa, ubavu ukavunjika. Kukohoa tu! Aliinama kufunga kamba za viatu, mfupa mwingine ukapasuka. Usiku alikuwa anakwenda chooni mara saba na kurudi analia, mwanamume yule ambaye sikuwahi kumwona akilia hata tulipomzika baba yake. Nikamwita Cauwelier. Alikuwa daktari wa kiwanda na daktari wa mtaa pia, tungemwita nani mwingine? Akasimama mlangoni na koti lake, hakulivua. “Bwana Fons, hiyo ndiyo hesabu ya bia.”

Fons alikunywa glasi mbili Jumapili baada ya misa. Mbili, Jef, nilikuwa nazihesabu. Lakini daktari akaandika ulevi, na neno la daktari lina miguu. Siku ya mazishi, wakati wa kahawa na mikate, mama mkwe wa Hilde alimnong’oneza dada yake: “Maskini, angeacha tu kunywa.” Nilikuwa nyuma yake na birika la moto mkononi. Mungu ndiye aliyenishika.

Nimewaandikia kiwanda wanipe namba zote za Fons. Nimepeleka pia ombi kwenye Tume ya Magonjwa ya Kazini kule Brussels. Sitaki kitu kingine kwao. Nataka neno lile lifutwe.

Lief

Kiwanda cha Zinki cha Zwartelaar
Idara ya Utumishi
2 Aprili 1986

Kwa Bi. Godelieve Wuyts, mjane wa Alfons Verachtert

Bibi,

Tumepokea barua yako. Kumbukumbu za zahanati yetu zinaonyesha kuwa marehemu alipimwa mkojo mara ishirini na sita, kuanzia 1968 hadi 1981. Hakuna kipimo kilichozidi moja na nukta mbili. Kiwango hicho ni cha mtu ambaye hajawahi kukaribia kadimiamu. Ugonjwa wake, kwa hiyo, hauna uhusiano na kazi yake.

Tunakupa pole tena kwa msiba wako na tunalihesabu suala hili limekwisha.

K. Termote
Mkuu wa Utumishi

Zwartelaar, 5 Aprili 1986

Jef,

Nimekunakilia barua ya Termote, isome ukiwa umekaa.

Moja na nukta mbili! Mimi niliyekuwa nafua ovaroli zake nina tano, na yeye aliyekuwa anasimama mbele ya moto ana moja. Basi labda tulibadilishana bila kujua. Labda Fons ndiye alikuwa anabaki nyumbani anakoroga supu, na mimi naamka saa kumi naenda zamu. “Kiwango cha mtu ambaye hajawahi kukaribia kadimiamu.” Alikuwa anarudi na lile vumbi masikioni! Mto wake ulikuwa na doa ambalo sabuni haijalitoa mpaka leo.

Nilimpigia Daktari Annelies. Akasema, “Mama Lief, mkojo huo si wa mtu wa tanurini. Kuna mtu mwingine kwenye chupa hiyo.”

Kuna mtu mwingine kwenye chupa, Jef. Na ufunguo wa kabati ulikuwa unaning’inia kwenye mkanda wa suruali yako. Nimekaa na jambo hili siku mbili nikilipindua huku na huku, na kila nikilipindua lina uso wako. Kiwanda kilikuambia usafishe namba, ukawasafishia. Ndiyo maana ukapewa kustaafu mapema? Ndiyo maana unakula kamba wabichi gatini?

Ulikula kwangu kila Jumapili. Ulikuwa unakaa mkabala na Fons, unampa chumvi. Nijibu kama mwanamume au usiniite dada.

Godelieve

Oostende, 27 Aprili 1986

Lief,

Nimeandika barua hii mara nne. Simonne amesema nisipoipeleka posta leo ataipeleka yeye, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Nilikudanganya. Bahasha nilizifungua mimi. Namba nilizinakili kwenye daftari kwa mkono wangu, kila mtu, kila miezi sita. Lakini kiwanda hakikuniambia nisafishe kitu. Aliyeniambia ni Fons.

Vipimo vilipoanza 1968, sheria ilikuwa hii: aliyezidi kumi anaonywa, akizidi mara ya pili anaondolewa tanurini, anapelekwa uani kufagia. Na unakumbuka nyumba zenu za Mtaa wa Tanuri zilikuwa za nani. Za watu wa tanurini. Ukitoka motoni, una miezi mitatu ya kuhama. Chupa ya kwanza ya Fons ilirudi na ishirini na mbili. Nilimwambia kwa siri, nikidhani namsaidia.

Chupa ya pili ilipokaribia alikuja dirishani, zamu imekwisha, hakuna mtu.

“Shemeji, mkojo wako wewe ukoje?”

“Ukoje vipi?”

“Ni msafi?”

“Msafi, mimi nakaa na makaratasi.”

Akaisukuma chupa yake mezani, tupu. “Basi nikojolee.”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia, Fons, hiki si cha kuchezea, hii ni figo yako. Akasema, “Hilde ana miaka minane. Lief amepaka rangi jikoni juzi, ile ya manjano. Nikamwambie nini? Nikamwambie afungashe?” Nikamwambia akuulize wewe. “Nimuulize Lief? Akijua atakwenda kwa mkurugenzi na ufagio mkononi, na kesho yake tuko barabarani wote. Niapie hutamwambia.”

Nikaapa. Ile ishirini na mbili nikaifuta daftarini, nikaandika moja. Nilidhani ni mara moja.

Ikawa miaka kumi na mitatu. Na habari ikavuja. Akaja Staf Luyckx, akaja mwingine, mwisho walikuwa saba pamoja na Fons. Siku za vipimo nilikuwa nakunywa kahawa birika zima, nakwenda chooni kama mwanamke mjamzito. Tulikuwa tunachekeana, Lief. Wananiita “kisima”. Watu wanane, mkojo mmoja. Namba zao zote zikawa moja, moja na kidogo, wote wa tanuri lile lile. Na daktari aliyesoma chuo kikuu cha Leuven hakuona ajabu?

Aliona. Hilo ndilo nataka ulijue. Mwaka 1974 Fons alianza kushika kiuno akishuka ngazi. Nikaogopa. Siwezi kusema, siwezi kunyamaza. Nikamwambia ajaze chupa mwenyewe nimpimie kwa siri, nikaibandika jina langu. Nikasema moyoni, karani wa zahanati akionekana na namba ya tanuri, lazima kengele italia, watakuja kupima kila kitu upya. Jibu likarudi: Wuyts J., thelathini na nane.

Cauwelier akaniita ofisini. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akatazama dirishani kule kwenye bomba la moshi. “Wuyts, unajisikiaje?”

“Vizuri, Daktari.”

“Naona chupa yako na ya shemeji yako zimepishana njiani.” Akanirudishia ile karatasi kwa ncha za vidole. “Zipishanishe tena, zirudi kama zilivyokuwa. Kiwanda kinapenda namba zinazotulia.”

Basi. Hakusema zaidi, na mimi nikatoka. Alijua, Lief. Alijua miaka tisa kabla ya kusimama mlangoni kwako na koti lake na kusema bia.

Karatasi ile ninayo. Ilikuwa na jina langu, nikaona ni halali yangu kuiweka.

Sikuuza mtu. Lakini nilijaza chupa, na ningeweza kutojaza.

Jef

Zwartelaar, 1 Mei 1986

Jef,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, maana kiti cha karibu kilikuwa cha Fons na nilikuwa na hasira naye mno kukikalia.

Wanaume wawili mmekaa dirishani mkaamua mambo ya figo na nyumba na rangi ya jikoni, na mimi niko nyuma ya ukuta nakaanga viazi. Hakuna aliyesema, tumuulize. Rangi ya manjano! Ningeikwangua ukutani kwa kucha. Ningelala kwenye banda la sungura la mama. Miaka kumi na mitatu mlinichagulia kuwa mjane, mkanifanyia hisani hiyo bila kuniambia, halafu mkaja Jumapili mkala supu yangu.

Na wewe ulikuwa unamjua zaidi yangu. Mimi nilikuwa naambiwa ni baridi ya kiuno, namkanda na mafuta ya kafuri.

Lakini sikiliza. Hasira yangu kwenu wawili ni ya nyumbani, nitaimaliza nyumbani. Kuna nyingine ambayo si ya nyumbani. Nani aliyetunga sheria kwamba mtu akiugua kwa kazi ya kiwanda ndiye anayenyang’anywa paa? Nani aliyempa mgonjwa sababu ya kuficha ugonjwa? Halafu akasoma uongo huo kila miezi sita, akajua ni uongo, akauwekea sahihi, na mtu alipokufa akamwita mlevi? Fons alidanganya kwa ajili ya nyumba. Cauwelier alidanganya kwa ajili ya nini?

Tume itasikiliza mashahidi Brussels tarehe 12 Juni, na mimi nitasikilizwa kesho yake. Cauwelier ataitwa. Njoo na karatasi yako.

Lief

Oostende, 9 Mei 1986

Dada,

Juzi Termote alinipigia simu. Sijui nani amemwambia. Alikuwa mpole sana, aliuliza hata nyonga ya Simonne. Akasema, mtumishi aliyechezea kumbukumbu za afya anaweza kufunguliwa mashtaka, itakuwa aibu katika umri wetu. Akasema, “Umestaafu vizuri, Jef. Endelea kustaafu.”

Karatasi nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ipeleke wewe. Mimi sitakuja. Usiniite mwoga, neno hilo nimejiita mwenyewe mara nyingi kuliko utakavyoweza wewe.

Jef

Zwartelaar, 13 Mei 1986

Jef,

Nakurudishia karatasi yako. Ina jina lako; bila mdomo wako ni karatasi ya kufungia jibini. Watasema wewe ndiye uliyekuwa mgonjwa.

Jana nilikwenda kumwona Staf Luyckx hospitali. Wanamfunga kwenye mashine mara tatu kwa wiki, inamsafisha damu. Mikono yake imekuwa kama matawi. Nilimweleza yote. Nilidhani atakutetea au atakutukana, lakini alilala tu anaangalia ule mpira unavyopitisha damu yake kwenda na kurudi.

“Mwambie Jef,” akasema, “mkojo wake uliniweka tanurini miaka tisa. Ulikuwa mkojo mzuri sana, sina malalamiko. Sasa aje aseme ulikuwa wake.”

Mke wake akamwambia, “Staf, usijichoshe.” Akamjibu, “Nijichoshe na nini, mama? Nimelala tangu Krismasi.”

Akaniomba nikuulize jambo moja. Wale saba, mbali na Fons, unajua watatu wamekufa? Karatasi zao zinasema nini?

Nilikwenda ofisi ya mji kuangalia. Mmoja moyo. Wawili ulevi.

Siongezi neno.

Lief

Oostende, 13 Juni 1986

Dada yangu,

Wakati unasoma hii utakuwa umesharudi kutoka Brussels na umeambiwa, lakini nataka usikie kwangu. Jana nilikwenda. Sikukuambia kwa sababu hata kwenye treni sikuwa na hakika. Simonne alikuja nami na fimbo yake. Kila kituo nilipotaka kushuka alikuwa anainyoosha fimbo kunizibia njia, kama kizuizi cha reli.

Chumba kilikuwa kidogo, meza ndefu, watu watano. Mwenyekiti ni mwanamke, Profesa Delfosse, mwembamba, miwani kwenye mnyororo. Nikasema yote. Nikawataja wote saba. Niliposema “nikojolee” mmoja wao alikohoa, labda kicheko, lakini Delfosse akamtazama, akakoma.

Cauwelier alikuwa amekaa kando ya wakili wa kiwanda. Amenenepa, ana ile nishani aliyopewa alipostaafu. Aliinuka taratibu. “Bwana Wuyts alikuwa mtumishi mwema,” akasema, “namsikitikia. Ile thelathini na nane ilikuwa yake mwenyewe. Zahanati ilikuwa karibu na ghala la vumbi, nilimshauri apumzike. Mengine ameyatunga kwa kumhurumia dada yake. Na hata kama tungetaka kumwamini, waheshimiwa: mtu anayekiri kudanganya miaka kumi na mitatu, leo tumwamini kwa lipi?”

Alikuwa amesema kweli. Nilitazama viatu vyangu.

Delfosse akavua miwani. “Tusimwamini,” akasema. “Tumpime.”

Cauwelier akauliza, tumpime nini.

“Daktari, umesema ilikuwa yake. Unajua kama ninavyojua kwamba kadimiamu haihami. Mtu aliyekuwa na thelathini na nane mwaka 1974 hawezi kuwa mtu safi mwaka huu. Kama ilikuwa yake, bado anayo.” Akanigeukia. “Bwana Wuyts, uko tayari kutupa chupa?”

Wakaleta. Ndogo, kifuniko chekundu. Karani akaandika jina langu mbele ya watu wote, akanipeleka chooni, akasimama mlango wazi. Mimi niliyejaza chupa za wanaume saba, dada, sikuweza. Nilisimama pale kama mti. Karani ni mzee kama mimi. Akafungua bomba la maji ili linisaidie, akageuka kuangalia ukuta. “Chukua muda wako, bwana,” akasema, “hakuna anayekukimbiza.” Nikaanza kulia. Nikanywa glasi nne za maji. Robo saa baadaye ikapatikana.

Nilipotoka Cauwelier alikuwa anavaa koti. Hakunitazama. Nilikuwa nimeishika ile chupa ya moto mkononi na nilitamani kumwambia neno moja zito, la kumkaa kifuani mpaka afe. Sikulipata. Nilisema tu, “Hii ni yangu, Daktari.”

Majibu baada ya wiki tatu. Watampima na Staf pale pale kitandani. Kama watanishtaki, wanishtaki.

Jef

Zwartelaar, 19 Julai 1986

Mdogo wangu,

Yametoka. Mariette alinikimbilia na bahasha kabla mtu wa posta hajashuka kwenye baiskeli.

Yako ni sifuri nukta saba. Ya Staf, ambaye daftari la kiwanda linasema hajawahi kuzidi moja, ni thelathini na moja. Tume imeandika kurasa tisa. Nimezisoma zote, na Daktari Annelies alinifafanulia nisipoelewa. Wanasema daftari lote la zahanati haliaminiki. Wanasema daktari alijua, au alichagua kutojua, na kwa mgonjwa hakuna tofauti. Ya Fons iko ukurasa wa saba: amekufa kwa figo na mifupa iliyoharibiwa na kadimiamu, kutokana na kazi yake.

Nilikwenda nayo ofisi ya mji. Karani alitaka niache nakala nirudi Jumatatu. Nikamwambia nitasubiri hapa hapa, nimeleta mkate. Akatoa kitabu, akaweka rula, akalikata lile neno kwa wino mwekundu, akaandika jipya pembeni na kupiga muhuri. Mistari miwili, Jef. Ilichukua dakika nne. Nilitazamia nifurahi. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za ofisi ya mji kama mtu aliyeteguka mguu, nikala ule mkate.

Na usidhani wameshtuka. Cauwelier hakushtakiwa, wanasema muda umepita. Nishani anayo. Wewe wamekuacha kwa sababu wakikupeleka mahakamani utasema tena. Gazeti la Alhamisi lilimnukuu Termote: “Inasikitisha kwamba baadhi ya wafanyakazi wenyewe walichezea vipimo.” Wafanyakazi wenyewe! Waliokufa ndio waliojiua, na kiwanda kinasikitika. Kuhusu sisi wanawake na bustani zetu akasema hakuna ushahidi wa kutosha, na kwamba mkojo wa wanawake wa nyumbani haumhusu.

Kuhusu wewe. Umeniuliza mwisho wa barua zako zote bila kuniuliza. Sijakusamehe. Siku nyingine naamka nikidhani nimekusamehe, halafu naona kile kiti. Lakini ulikwenda Brussels bila mtu kukushika mkono, isipokuwa Simonne na fimbo yake, na hilo nalo naliona. Njooni Agosti mkae wiki. Sitakuwa mpole kila siku.

Sasa nikueleze ya leo asubuhi. Tulikuwa wanawake sitini na watatu. Tulikusanyika mbele ya kanisa, tukatembea hadi kiwandani, kila mmoja na chupa yake ya siku nzima, ya lita mbili, imejaa. Mke wa Staf alikuwa mbele. Mlinzi wa lango alitoka akifunga vifungo vya koti, akaona tunavyozipanga chini, moja moja, mpaka lango likawa halifunguki.

“Akina mama,” akasema, “jamani, hizi ni nini?”

“Mwite Bwana Termote,” nikamwambia, “amwulize na Daktari. Watazitambua.”

“Niandike zimeletwa na nani?”

“Usihangaike kuandika. Majina yako kwenye chupa, na safari hii kila chupa ina mwenyewe.”

Dada yako,
Lief